Mshipa mkuu wa tumboni umefika sentimita 5.1: mzee apasuliwe sasa au asubiri?

Swali: Daktari, habari za kazi. Baba yetu ana miaka 69, ni dereva wa lori mstaafu, na tunaishi naye Korogwe. Mwezi uliopita alikwenda kupimwa tezi dume kwa sababu mkojo ulikuwa unamsumbua, na mpimaji wa ultrasaundi akaona kwamba mshipa mkuu wa damu tumboni umetanuka hadi sentimita 5.1, na ndani yake mna damu iliyoganda. Hana maumivu ya tumbo, ila akitembea kwenda msikitini husimama njiani kwa sababu mapaja humkaza. Sigara ameipunguza, hajaiacha. Daktari wa hospitali ya mkoa amesema arudi baada ya miezi 3. Ndugu wanasema huko ni kumtelekeza mgonjwa, kwamba apasuliwe upesi, na wengine wanataka apelekwe India akawekewe bomba bila kupasuliwa tumbo. Marehemu kaka yake alifariki ghafla akilalamikia mgongo na tumbo. Tumsikilize nani?

Jibu: Dada yangu, msikilizeni daktari wa mkoa, kwa sharti moja, kwamba ile miezi 3 iwe miezi 3 kweli. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza upasuaji wenyewe, kwa kuwa naona uwezekano ni mkubwa kwamba siku moja mzee ataufikia.

Kwanza tuondoe hofu ya neno. Ripoti nyingi huandika "uvimbe wa mshipa", na nimeona familia zikiangua kilio zikidhani mgonjwa wao ana saratani. Huu si uvimbe wa nyama. Aota, ambao ndio mshipa mkuu unaotoka moyoni, hushuka kifuani, hupenya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), hulala mbele ya uti wa mgongo upande wa kushoto kidogo, hutoa matawi ya ini, tumbo, utumbo na figo, na unapofika karibu na usawa wa kitovu hugawanyika kuwa mishipa miwili inayokwenda nyonga na miguu. Upana wake wa kawaida tumboni ni kama sentimita 2. Kuta zake zikichoka kwa umri, tumbaku na shinikizo la damu, hulegea na kutuna mahali pamoja, mara nyingi chini kidogo ya mishipa ya figo, kama tairi la baiskeli lililokonda linavyotoa nundu. Tukipata sentimita 3 au zaidi, tunaita hali hiyo anurizimu. Nundu hiyo haiumi, haizuii kula wala kwenda haja, na ndiyo maana wengi hugundulika kama baba yenu alivyogundulika, yaani kwa bahati, wakitafutiwa jambo jingine.

Damu iliyoganda ndani nayo isiwatishe. Damu inayopita katikati ya nundu huenda kasi, ile ya pembeni huzubaa na kuganda tabaka juu ya tabaka, na karibu kila anurizimu kubwa ina utando huo. Haupewi dawa za kuyeyusha damu kwa ajili yake pekee, na haimaanishi kwamba mshipa umejitibu wenyewe.

Hatari ya ugonjwa huu ni moja, nayo ni kupasuka. Kadiri mfuko unavyopanuka ndivyo ukuta unavyobeba mzigo mkubwa zaidi huku wenyewe ukizidi kuwa mwembamba, kwa hiyo hatari haipandi hatua kwa hatua kama ngazi bali huanza taratibu na kisha hukimbia. Mshipa ukipasuka, wagonjwa walio wengi hufa kabla ya kufika hospitali, na hata wanaofikishwa mezani na kupasuliwa, karibu nusu yao hupotea. Ndugu zako wanaijua hatari hiyo, na hapo hawajakosea. Wanachokosea ni kudhani kwamba upasuaji hauna hatari yake.

Swali hili la lini hasa tupasue liliwasumbua wapasuaji kwa miaka mingi, hadi majaribio mawili makubwa yalipofanyika, moja Uingereza ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 1998, na jingine Marekani mwaka 2002. Wagonjwa wenye mshipa wa sentimita 4.0 hadi 5.5 waligawanywa kwa kura: kundi moja lilipasuliwa mara moja, kundi jingine lilifuatiliwa kwa vipimo na kupasuliwa tu pale mshipa ulipovuka 5.5, ulipokua kwa kasi au ulipoanza kuuma. Waliopasuliwa mapema hawakuishi zaidi ya waliosubiri. Katika kundi la kufuatiliwa, kupasuka kwa mshipa kulikuwa kama kwa mgonjwa 1 kati ya 100 kwa mwaka au pungufu ya hapo, ilhali upasuaji wenyewe, siku ileile na wiki zinazofuata, uliwachukua wengi kuliko hao. Kutokana na majaribio hayo wanaume tunaowapasua ni wale waliofika sentimita 5.5, na wanawake kama 5.0, kwa sababu mishipa yao ni myembamba tangu mwanzo na hupasuka mapema zaidi. Ambaye mshipa wake unakua zaidi ya sentimita 1 kwa mwaka hupasuliwa bila kusubiri kipimo hicho, na anayeumwa hupasuliwa hata kama nundu yake ni ndogo.

Kwa hiyo baba yenu, akiwa na 5.1 na bila maumivu, hajatelekezwa. Hata hivyo ana milimita 4 tu kabla ya mpaka, na hapa ndipo naomba muwe wakali. Namba ya ultrasaundi si namba ya mizani ya dukani. Mpimaji akishika kifaa kimshazari, duara huonekana yai na namba hupanda; mmoja hupima ukuta wa nje hadi wa nje, mwingine wa ndani hadi wa ndani; na wapimaji wawili waangalifu wanaweza kutofautiana milimita 3 hadi 5 kwa mgonjwa yuleyule siku ileile. CT scan nayo mara nyingi husoma juu kidogo kuliko ultrasaundi. Miezi 3 ijayo mkiambiwa 5.4, msiamini moja kwa moja kwamba umekua milimita 3, na mkiambiwa 4.9 msishangilie. Rudini kwa mpimaji yuleyule ikiwezekana, nendeni na picha za kwanza mkononi, na mwombeni aandike alivyopima. Akifika karibu na 5.5, CT scan yenye dawa ya kuonyesha mishipa ndiyo itakayoamua, na kabla ya dawa hiyo ni lazima figo zipimwe, hasa kwa mzee ambaye tayari mkojo unamsumbua.

Sasa kuhusu mapaja yanayokaza. Hili umelitaja kama jambo la pembeni, lakini mimi ndilo lililonifanya nirudie barua yako mara ya pili. Misuli inayokaza mtu akitembea na kuachia akisimama dakika chache ni ishara ya damu isiyotosha kushuka miguuni. Tumbaku ileile inayolegeza mshipa mahali pamoja huuziba mahali pengine, na hali hizo mbili hukutana mara nyingi katika mwili wa mvutaji mmoja. Aota ikiziba au kuwa nyembamba pale chini inapogawanyika, mwanaume hupata maumivu ya makalio na mapaja anapotembea, mapigo ya damu kwenye kinena hupotea, na nguvu za kiume hupungua. Hali hiyo imepewa jina la René Leriche, mpasuaji wa Ufaransa aliyeieleza. Mwombeni daktari ashike mapigo ya vinena vyote viwili na apime shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu alilinganishe na la mkono. Kipimo hiki huchukua dakika chache, na jibu lake linaweza kubadilisha aina ya upasuaji atakaofanyiwa.

Maana upasuaji uko wa namna mbili, na si kweli kwamba mmoja ni wa kizamani na mwingine wa kisasa.

Wa kwanza ni wa kufungua tumbo. Mgonjwa hupewa nusu kaputi, tumbo hukatwa kuanzia chini ya kifua hadi chini ya kitovu, utumbo husogezwa kulia na kufunikwa kwa vitambaa vyenye maji ya vuguvugu. Tukishaiona shingo ya nundu, yaani ile sehemu ya mshipa isiyotanuka chini ya mishipa ya figo, mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande miguuni, kisha kibano hufungwa juu na vingine chini. Tangu hapo saa huhesabiwa. Mfuko huchanwa kwa urefu na damu ya zamani hutolewa kwa mkono. Hutoka mabonge mazito ya rangi ya ini, yamepangana kama maganda ya kitunguu. Kwenye ukuta wa nyuma huwa kuna vijitundu vya mishipa midogo ya mgongo vinavyorudisha damu kinyumenyume, navyo hushonwa kimoja kimoja. Ndipo huwekwa bomba la poliesta lenye mikunjo kama ya kodiani, likashonwa juu na chini kwa uzi wa buluu usiooza, kuanzia ukuta wa nyuma kuja mbele. Kabla ya kufungua kibano tunamwambia daktari wa usingizi mapema, kwa sababu damu ikikimbilia miguuni ghafla, shinikizo huporomoka. Tunafungua taratibu, mguu mmoja kwanza, na kila mtu chumbani hutazama mtambo. Mwisho, ganda la mfuko wa zamani hushonwa juu ya bomba kama blanketi ili utumbo usiguse poliesta, kwani utumbo ukisuguana nayo kwa miaka unaweza kutoboka, na damu ya aota kuingia ndani ya utumbo. Endapo mishipa ya nyonga ni mibovu, bomba hutumika lenye miguu miwili kama suruali, likateremshwa hadi kwenye vinena, na hapo maumivu ya kutembea nayo hutibiwa pamoja.

Mabomba haya yana historia ya kufurahisha. Mjini Paris mwaka 1951, Charles Dubost alibadilisha anurizimu ya tumbo kwa kipande cha aota kilichotoka kwa maiti, na kwa miaka michache wapasuaji wakawa wanahangaika kutafuta mishipa ya wafu. Michael DeBakey wa Houston, ambaye mama yake alimfundisha kushona akiwa mtoto, alikwenda dukani kununua nailoni, akaikosa, akanunua kitambaa cha Dacron, yaani poliesta, kilichokuwepo, na akashona bomba kwa cherehani ya mkewe. Hadi leo tunashona kitambaa cha jamii ileile.

Namna ya pili huingia kupitia kinena. Mpasuaji Juan Parodi alimfanyia mgonjwa wake wa kwanza Buenos Aires mwaka 1990, miaka mitatu baada ya Nikolai Volodos wa Kharkiv, Ukraine, kufanya kazi inayofanana nayo kwenye aota ya kifua. Bomba la kitambaa lenye mifupa ya chuma hukunjwa ndani ya mrija mwembamba, likapandishwa kwa kuongozwa na eksirei hadi ndani ya nundu, na kufunguliwa pale likashika juu na chini, damu ikapita ndani yake na mfuko ukabaki bila shinikizo. Hakuna kibano, tumbo halifunguliwi, na wengi hurudi nyumbani baada ya siku mbili au tatu, ilhali aliyefunguliwa tumbo hukaa kiasi cha wiki moja au zaidi, siku za kwanza akiwa chumba cha uangalizi maalumu, na huchukua miezi 2 au 3 kurudia nguvu zake.

Ndugu wanaosema India nadhani wameyasikia hayo, na takwimu za mwanzo zinawaunga mkono. Katika jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2004, waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 1.7 kwa njia ya kinena na asilimia 4.7 kwa kufungua tumbo. Lakini wagonjwa haohao walifuatiliwa miaka 15, na baada ya mwaka wa nane upepo uligeuka: waliowekewa kwa kinena ndio waliokuwa wakifa zaidi, baadhi yao kwa mfuko wa zamani kupasuka. Bomba lililoshonwa halihami. Lililokaa kwa kubana linaweza kuteleza, au damu ikapenya pembeni yake au kurudi kupitia vile vijitundu vya mgongo, mfuko ukaanza kukua tena kimyakimya. Kwa sababu hiyo aliyewekewa bomba la namna hii hupimwa kila mwaka maisha yake yote, na wengi kiasi hurudishwa mezani kurekebishwa.

Hapa nitasema maoni yangu, na wenzangu wengine hawatakubaliana nami. Kwa mzee wa miaka 69 anayeishi Korogwe, ambaye moyo, mapafu na figo zake vikionekana vizima, na mapaja yake yanakaza kwa sababu ya mishipa ya nyonga, ningependelea kufungua tumbo mara moja na kumaliza kazi. Kumpeleka ng'ambo akawekewe bomba la kinena, kisha arudi mahali ambapo CT scan ya kila mwaka ni safari na deni, ni kununua gari ambalo fundi wake yuko nchi nyingine. Zaidi ya hayo, bomba hilo linahitaji shingo isiyotanuka yenye urefu wa angalau sentimita 1 hadi 1.5 chini ya mishipa ya figo, isiyopinda sana, na mishipa ya nyonga iliyo mipana ya kutosha kupitisha mrija. Ile ya baba yenu inaweza isikubali. Angekuwa na miaka 80 na moyo dhaifu ningesema kinyume kabisa. Mahali pa kuanzia si uwanja wa ndege, bali rufaa ya kwenda hospitali yenye wapasuaji wa moyo na mishipa ya damu, kwa mfano Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Na popote mtakapofika, muulizeni mpasuaji bila haya kwamba amefanya upasuaji wa aota mara ngapi kwa mwaka uliopita.

Wakati wa kusubiri una kazi zake. Sigara iachwe kabisa, si kupunguzwa: anayeendelea kuvuta mshipa wake hukua haraka zaidi, na mapafu yake ndiyo yatakayomsumbua baada ya nusu kaputi. Shinikizo la damu lishushwe na kudhibitiwa, na mwulizeni daktari kuhusu dawa za kushusha mafuta kwenye damu na aspirini, ambazo kwa mwenye mishipa ya miguu iliyoziba humkinga na pigo la moyo na kiharusi. Hakuna kidonge wala mitishamba inayorudisha nundu ndani. Doksisaiklini na propranololi zilijaribiwa kwa uangalifu na hazikuzuia kukua. Kutembea kila siku ni kuzuri, ila asibebe magunia. Na kwa kuwa ana shida ya mkojo, liandikeni hili kwenye daftari lake la kliniki kwa herufi kubwa: asipewe siprofloksasini wala levofloksasini kama ipo dawa nyingine inayofaa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2018 kwamba jamii hiyo ya viuavijasumu inaongeza hatari ya aota kupasuka au kuchanika, na kwetu siprofloksasini hutolewa dirishani kwa kila mkojo unaochoma.

Dalili zinazofuta miezi 3 yote ni hizi: maumivu mapya ya tumbo, mgongo au ubavu, hasa wa kushoto, kuzimia, jasho la baridi, au homa isiyoeleweka kwa mwenye nundu inayokua, kwa maana bakteria kama wale wa salmonela wanaweza kuingia kwenye ukuta wa mshipa. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, mzee mmoja aliletwa usiku akiwa ameshika ubavu wa kushoto. Akaambiwa ni jiwe la figo, akachomwa sindano ya maumivu, akatulia. Ikarudi, akachomwa tena. Alfajiri ndipo mtu wa kwanza alipoweka kiganja juu ya tumbo lake na kusikia pigo pana kama ngumi inayofunguka na kufumba. Alikata roho kwenye korido tukimkimbiza chumba cha upasuaji. Kwa hiyo mkimpeleka baba usiku na maumivu, neno la kwanza mlangoni lisiwe "tumbo linamuuma". Semeni "ana aota iliyotanuka, sentimita 5.1", na mtoe picha. Picha hizo mzee azitembeze, zisikae kabatini.

Kuhusu marehemu baba mkubwa, mauti ya ghafla yenye maumivu ya mgongo na tumbo yana sababu nyingi, na hakuna awezaye kusema sasa kwamba ilikuwa hii. Lakini ugonjwa huu hurithika kwa kiasi fulani, na ndugu wa damu wa mwenye ugonjwa huo wana hatari kubwa kuliko watu wengine. Baba zenu wadogo waliobaki, hasa wavutaji, wapimwe tumbo kwa ultrasaundi mwaka huu. Ni kipimo cha dakika kumi, hakichomi wala hakitoi damu, na aliyefunga kula tangu jana usiku huonekana vizuri zaidi kwa sababu gesi ya utumbo hupungua. Kaka zako wapimwe wakikaribia miaka 50.